Gundi ya Mzinga wa Nne

Mtaani walimwita Mama Gundi. Kazi yake ilikuwa kusafisha gundi ya nyuki, ile nyeusi inayonata ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga, na kuitengeneza dawa ya koo na ya vidonda vya mdomo. Ajabu ni kwamba hakukuwa na mtu mwenye kinyaa kama yeye. Unywele mmoja kwenye bakuli ulitosha kumkata hamu ya kula siku nzima. Gundi aliigandisha kwenye friji mpaka ikawa ngumu kama kigae, akaiponda, akaiosha mara tatu, kisha akakaa mlangoni penye mwanga na kibanio mkononi, akitoa miguu ya nyuki mmoja mmoja huku amebana midomo. Vijiti vilivyoshikwa na gundi nene hakuvitupa. Aliviloweka vivyo hivyo kwenye spiriti, gundi isipotee bure.

Hakuwa na kipimo cha ukali wa dawa ila ulimi wake. Tone likichoma, kisha likatia ganzi, dawa imeiva. Safari hii lilimchoma mpaka machozi yakamtoka, naye akafurahi. Binti yake wa pekee alikuwa ameng'olewa jino, na shimo lilikuwa limevimba na kunuka. Daktari wa meno alishampa vidonge, lakini moyo wa mama haukutulia. Chupa ya kwanza ikawa ya binti: matone matano katika maji, asukutue asubuhi na jioni.

Siku ya nne, akitupa mashapo ya kitambaa cha kuchujia, alikiona kijiti kimoja kilichokwisha vuliwa gundi na spiriti. Kilikuwa laini. Kilikuwa na vipingili. Na kilikuwa na vinywele vifupi vya kijivu.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyefuga nyuki. Alimkuta uani anakula mkate wake. Akamwonyesha kile kitu kwenye ncha ya kibanio.

"Ah, huo ni mkia wa panya wa mzinga wa nne," shemeji alisema, akiendelea kutafuna. Alieleza kwamba panya aliingia, akaumwa, akafa. Nyuki hawakuweza kumtoa kwa uzito, basi wakampaka gundi mwili mzima. Amekaa humo tangu msimu uliopita.

"Ukamkwangua."

"Gundi nene namna ile ningeiacha? Mkia ukakatika nayo. Hajaoza hata kidogo, shemeji. Kwani wewe huwaambii watu kwamba kinachopakwa hii hakiozi? Ningekuwa wewe ningemweka dirishani wateja wajionee."

Ni kweli aliwaambia. Hata mafuta yake ya kupaka aliyatia tone yasichache upesi, akajisifu. Hakuwahi kujiuliza nyuki nao huitumia kuzuia nini kisioze. Aliziangalia kucha za shemeji, nyeusi, juu ya mkate. Akaukumbuka ulimi wake. Alikimbilia karoni, akausugua kwa chumvi mpaka ukatoa damu.

Chupa kumi na nane zilikuwa mezani, mwenye duka la dawa alizingoja kesho yake. Shemeji alimshauri afunge mdomo, nani atajua? Mama Gundi alizimwaga chooni zote, moja baada ya nyingine, amegeuza uso.

Binti alipofika alipanua mdomo kwa fahari. Shimo limeziba, fizi ya rangi ya waridi. Kama ni kwa vidonge au kwa kile kingine, mama hakutaka kujua.

"Niongezee chupa nyingine, mama. Hii ni kali kuliko zote."

Angeweza kunyamaza. Lakini alimwona anaramba fizi kwa ncha ya ulimi, akasema yote. Binti alikimbilia karo lilelile. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Na wewe ulionja?"

"Mimi wa kwanza, mwanangu."

Kesho yake Mama Gundi alikwenda mwenyewe mizingani, kanga puani, akasimama mpaka shemeji alipomtoa yule panya na kumchimbia shimo. Tangu siku hiyo hakuna gundi iliyokwanguliwa yeye hayupo. Kabla ya kumfukia, shemeji alimwinua yule panya kwa mguu, mweusi, anang'aa, masharubu yote yapo.

"Nusa basi, uamini," alisema.

Upepo ulimletea harufu kabla hajakataa. Hakusikia uozo wowote ila nta na utomvu mtamu wa miti, harufu ileile ya dawa yake. Hapo ndipo alipotapika.