Kigari Kilichofika Mlangoni kwa Jumwa

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu. Nilikuwa Kilifi, jua la kabla ya mvua limenishika kichwa, nimeweka kiganja juu ya boneti ya kigari kidogo cheupe kama mtu anayempima mtoto homa. Nilitaka kujua kama mwenyewe amekiwasha kabla sijafika, maana nilisoma mahali kwamba injini iliyokwisha kupata moto huficha ubovu wake.

Ulinipigia simu juzi ukaniambia kwamba nawe unatafuta gari dogo la bei ya chini, umejaribu kadhaa, na usingizi huupati. Nilicheka. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, lakini wasiwasi huo umeurithi kwangu. Hata haya ninayokuandikia nimeyafuta na kuyaandika upya sijui mara ngapi.

Wakati ule nilikuwa nimetoka chuo, nimepata kazi katika hoteli moja ya Kikambala, na nimemleta Hawe kutoka Kaloleni aishi nami. Hawe ndivyo tulivyomwita bibi yetu. Jina lake hasa lilikuwa Kadzo. Magoti yake yalikuwa yamekataa kabisa kupanda matatu. Na dada yake, Jumwa, alikuwa mgonjwa huko Malindi, mtaa wa Kisumu Ndogo. Kila mara alituma salamu kwa simu ya jirani: "Mwambieni Kadzo aje tuonane ningali na macho." Gari nililitafuta kwa ajili hiyo tu.

Lakini kila gari nililolijaribu nililirudisha. Hili usukani ulivuta kushoto kidogo. Lile lilinuka unyevu. Jingine halikuwa na kasoro yoyote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Huku nikipima na kupima tena, sauti ya Jumwa kwenye simu ilizidi kuwa nyembamba.

Siku hiyo Hawe akasema, "Nimechoka kuletewa habari za magari. Leo naenda mwenyewe." Ikanibidi nikodi teksi ya bei ghali itufikishe Kilifi.

Mwenye gari, Mzee Athman, alikuwa mtu wa mjini, kofia yake safi, maneno yake mapole. Alikuwa analiuza kwa kuwa macho yake hayakumruhusu tena kuendesha. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akamkaribisha Hawe kiti cha mbele. Yeye akajikunja nyuma, magoti yamemfika kifuani.

Nilizima redio. Niliwaomba wote wanyamaze. Nikapita juu ya matuta polepole, nikakaza breki, nikalegeza mikono kwenye usukani nione gari litaelekea wapi. Lilikwenda sawa. Kisha nikasikia: tik, tik, tik.

"Mzee, sauti gani hiyo?"

"Sauti ya gari, binti. Ndiyo dalili kwamba li hai."

Nikazunguka mji tena kuisikiliza. Nilipoanza kuzunguka mara nyingine, Mzee Athman akaguna huko nyuma. "Samahani, binti. Gari hili unalinunua au unaolewa nalo?"

Hawe alicheka mpaka leso ikamwanguka begani. Alipotulia, aliniuliza bila kunitazama:

"Dama, mimi nikiinuka kitini, magoti yangu hulia. Huyasikii?"

"Nayasikia, Hawe."

"Mbona hujanirudisha Kaloleni?"

Nikapunguza mwendo, naye akaendelea:

"Breki zinashika?"

"Zinashika."

"Usukani unakutii?"

"Unanitii."

"Basi shika njia ya Malindi twende kwa Jumwa. Au wangoja tumkute amefunikwa shuka?"

Nilimtazama Mzee Athman kwenye kioo. Gari lilikuwa bado lake. Akajikuna kidevu. "Malindi nina shemeji sijamwona tangu Idi," alisema. "Ila mafuta utatia wewe."

Tukaenda. Njia nzima ile tik, tik ilikuwa nasi, na taratibu nikaizoea kama unavyozoea saa ya ukutani. Wenzangu kazini walikuwa wakinicheka kwamba nataka gari la ukubwa wa kabati. Nadhani hawakuwahi kuingia Kisumu Ndogo. Nilikunja vioo vya pembeni, nikapita katikati ya kuta, kina mama wakiondoa majiko yao njiani na kunipigia kelele, "Lete, dada, linaingia!" Likaingia. Likaenda likasimama mbele ya mlango wa Jumwa, karibu kugusa kizingiti.

Walikuwa wamemkalisha pale mlangoni apunge hewa. Alikuwa amekonda, lakini ulimi ulikuwa uleule.

"Kadzo! Umekuja ndani ya beseni?"

"Beseni lenye breki," Hawe akajibu, akashusha mguu mmoja, halafu wa pili, magoti yakilia wazi mbele ya watu wote. Akakaa chini kando ya dada yake, wakashikana mikono. Mimi nilibaki nimeushika usukani wa gari lililozimwa. Mzee Athman alitazama pembeni kwa adabu ili nifute macho.

Nililinunua. Sauti ile baadaye ilionekana ni kibati kilicholegea. Wale dada wawili walipata alasiri nyingi pamoja kabla Jumwa hajapumzika. Si zote walizostahili, lakini nyingi.

Kwa hiyo lijaribu gari, mwanangu, usione haya. Liwashe likiwa baridi. Lala chini utazame uvungu, maana chumvi ya huku Pwani hula chuma kimyakimya. Sikukatazi kuwa mwangalifu. Ila najua unalitaka ili mamako asisimame tena barabarani na vikapu vyake vya soko. Basi Jumamosi mpitie, mkalishe mbele, umtazame anavyopanda na anavyoshuka. Breki zikishika na usukani ukikutii, mengine mtayasikiliza pamoja njiani.

Mungu akufungulie barabara, akulinde wewe na kila utakayembeba, na kila mlango utakaouendea akujalie umkute mwenyewe yungali ndani, anakungoja.