Goti la Mlimani

Nina miaka arobaini na mmoja, na tangu darasa la sita kuna kitu kimoja nilichokitaka: kuvaa jezi ya kaunti yetu kwenye mashindano ya taifa. Si kwa kukimbia. Kwa kutembea. Ndiyo, kutembea kwa kasi ni mchezo, na wanaocheka waje kwanza wajaribu kilomita kumi.

Nilikuwa nimejaribu mara tatu, na mara tatu nikatolewa. Sheria ni rahisi: mguu mmoja uwe chini kila wakati, na goti la mguu unaotua liwe limenyooka. Waamuzi wanasimama njiani, na ukikosea unaandikiwa kadi nyekundu. Kadi tatu, nenda nyumbani. Mara ya mwisho, kule Kianyaga, nilikuwa naongoza. Nikatolewa mita mia mbili kabla ya mwisho. Nilitukana, tena kwa sauti, na sijatubu.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja anayeishi mtaa wa Skuta, polisi mstaafu kutoka magharibi, ambaye aliwahi kuwa mtembeaji katika kikosi chao. Siku moja alinikuta Gatitu nikiteremka kutoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, vile sisi wanawake wa huku tunavyobeba. Akasimama, akanitazama miguu mpaka nikakasirika.

"Mzee, umepoteza nini hapo chini?"

"Mama, sasa nimeona shida yako," akasema. "Nilikuwa Kianyaga siku ile. Uko na mapafu, uko na miguu. Lakini hii mteremko na hii mzigo imekufundisha kukunja goti."

Ni kweli. Huku kwetu hakuna mahali tambarare. Mtoto akianza tu kutembea anafundishwa kukunja magoti akiteremka, asije akabingirika mpaka mtoni. Mama yangu alinifundisha hivyo, nami nimewafundisha wangu.

Basi kwa miezi minane, kila asubuhi baada ya kukamua, nilirudi kwenye mteremko ule ule, bila mzigo, mzee akinifuata nyuma akipiga kelele: "Goti, mama! Goti!" Nilianguka mara nyingi. Majirani wakasimama uani. "Woiye, huyu ameshikwa na nini?" Nikawaambia wamalize kwanza kupalilia kahawa yao. Majani nikaanza kuyaleta kwa mkokoteni. Mume wangu alinung'unika wiki nzima, kisha akaanza kuusukuma mwenyewe.

Siku ya mchujo, hapo Nyeri mjini, nafasi zilikuwa mbili tu. Tulizunguka barabara yenye mteremko mmoja mrefu. Kufikia mzunguko wa mwisho nilikuwa wa tatu, na kwenye ubao wa waamuzi namba yangu ilikuwa na kadi mbili. Msichana aliyekuwa mbele yangu ningeweza kumzaa. Alipofika juu ya mteremko akapunguza mwendo, akijilinda. Chini kabisa mwamuzi alikuwa amechuchumaa, macho kwenye magoti yetu.

Niliogopa, sitadanganya. Kisha nikajiambia, ati niogope mteremko, mimi niliyezaliwa juu yake? Nikaachilia. Nyoosha, nyoosha, nyoosha. Nikampita msichana katikati, nikampita mwamuzi, na kalamu yake haikugusa karatasi. Nikamaliza wa pili.

Nilipofika mezani, karani aliyekuwa akigawa jezi hakuinua hata kichwa. "Mama, mwambie msichana wako aje achukue mwenyewe."

"Msichana mwenyewe ndiye huyu," nikamwambia. "Toa jezi."

Akaniangalia, akaangalia namba kifuani mwangu, akaniomba msamaha. "Saizi gani?"

Haiya! Machozi yakanitoka pale pale. Miaka yote hiyo nikiitamani, na hata siku moja sikuwa nimejiuliza navaa saizi gani.