Sweta Jekundu la Ubatizo

Trrr! Hiyo sauti ya uzi ukifumuka ndiyo ninayoikumbuka kila nikimtaja bibi yetu, Aikaeli. Hanunui uzi mpya. Hununua masweta ya mitumba sokoni Kiboriloni, huyafumua, na kila mjukuu hubatizwa akiwa amevaa alichofumiwa na bibi.

Asubuhi ya ubatizo wa kitinda mimba wetu, Eunike, kengele ya kwanza ya kanisa ililia uzi mwekundu ukiwa umeisha na mkono mmoja wa sweta umefika kiwikoni tu. Bibi akaangaza huku na huku. Macho yakatua kwa babu, akinywa chai ndani ya sweta lake jekundu.

"Baba Jesse, usisimame."

"Unafanya nini, Mama Jesse?"

"Kunywa chai yako!"

Akakata uzi pindoni mwa sweta la babu, akaanza kuvuta na kufuma. Sweta likapanda kuelekea kitovuni, sisi hoi kwa kicheko.

"Nitaingia kanisani tumbo wazi!"

"Koti unalo!"

Kengele ya pili ikalia, mkono ukaisha. Bibi akamvika mtoto. Sweta likaingia kwa kubana, maana Eunike alishanenepa. Bibi akamwinamia, akamnong'oneza:

"Mama, usikue kwanza. Ngoja tutoke kanisani."