Mpishi wa Shughuli Anaandaliwa

Huko Chamazi, mpishi wa harusi na maulidi haketi mpaka mgeni wa mwisho awe amenawa mikono. Mchuzi huuonja kwa kudondosha tone nyuma ya kiganja, akaulamba, akanyamaza. Wasaidizi wake hukiogopa kimya hicho kuliko matusi. Vidole vyake vimekomazwa na mwiko, sauti imekwaruzwa na moshi wa kuni. Tangu azaliwe, binti yake Munira hajapata kumwona mama huyu akiandaliwa chakula. Ndiyo maana siku moja Munira na mumewe Khalfani wakampandisha treni ya watalii, ile ya kula huku unatembezwa.

Treni ilikwenda robo saa, ikaharibika kwenye vichaka vya Pugu. Pilau ililetwa baada ya saa mbili, imepoa.

"Huu mchele wameupika au wameuogesha?" akauliza Khalfani.

"Mie najuta kuwaleta," Munira akasema, machozi yakimlenga.

Mpishi alikwishainuka, kajifunga kanga kiunoni, macho yameelekea jikoni.

"Mama, kaa, nakuomba. Leo unaandaliwa wewe."

Mama akaifungua kanga, akaketi. Mkono wa kushoto hakujua auweke wapi. Akaupakata mapajani kama kitoto kichanga. Akala taratibu, bila neno, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Kisha akamwita mhudumu.

"Baba, kama imebaki, niongezee."