Sita ya Darajani

Abdulnasiri Makame alipata uhamisho wa Dodoma akiwa na miaka hamsini na mmoja, na hakuutaka. Ukoo wake umekaa Tabora tangu enzi za misafara. Babu wa babu yake alifika na mizigo ya vitambaa, akaoa, akajenga, hakuondoka tena. Yeye alikuwa mtunza stoo wa idara ya maji, mtu wa mabomba na koki. Yeye na mkewe walishaachana zamani, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Mwanza. Barua ya uhamisho aliizungusha mfukoni wiki nzima kabla ya kumwonyesha Athuman.

Athuman alikuwa seremala, na rafiki yake tangu utoto. Walipokuwa darasa la saba Athuman aliokota gazeti la Kizungu lisilo na jalada. Ndani yake mlikuwa na picha ya wazee wawili wameinamia meza iliyojaa askari wadogo, kila mmoja ameshika rula. Maandishi hawakuyaelewa, lakini picha waliielewa. Wakatunga sheria zao, wakaziandika kwenye daftari, wakawa wanazirekebisha kwa ugomvi wa miaka thelathini na nane. Athuman alichonga askari kwa vipande vya mninga vilivyobaki karakana, warefu kama kidole gumba. Abdulnasiri akawapaka rangi: wake wekundu, wa Athuman wa kijani. Uwanja wa vita ulikuwa ubao wa plaiwudi uliochorwa vilima, mto na daraja moja. Kikosi kinasogezwa kwa kipimo cha rula, shambulio linaamuliwa kwa dadu, na vita moja huweza kula Jumamosi nne.

Athuman aliisoma barua, akaikunja vizuri, akairudisha.

"Nenda," alisema. "Nitakuchongea jeshi jingine na ubao mwingine kama huu. Tutapigana kwa simu. Ila ukifika huko utafute watu. Mtu hachezi na simu maisha yake yote."

Abdulnasiri alifika Dodoma mwezi wa saba, upepo ukivuma na vumbi likipenya hata dirisha lililofungwa. Alipanga nyumba ya vyumba viwili Nkuhungu. Chumba kimoja kilikuwa cha kulala, kingine cha ubao.

Watu aliwatafuta, asije akaambiwa hakutafuta. Alianza na kijiwe cha drafti karibu na nyumbani. Alikwenda na askari wanne mfukoni, akawaeleza wenzake kwa heshima zote. Mzee mmoja alimchukua askari mwekundu, akamgeuzageuza, akamwuliza, "Hivi vya mjukuu wako?" Wenzake wakacheka. Abdulnasiri naye akacheka kidogo, akamrudisha askari wake mfukoni, akanywa kahawa yake ikaisha.

Ofisini ilikuwa hivyo hivyo. Kila mtu alikuwa mgeni kutoka mahali fulani, na kila Ijumaa mchana wote walikuwa wanawaza safari ya kwao.

Mwezi wa kumi alibandika tangazo kwenye duka la kutoa fotokopi, upande wa Chimwaga, wanakopita watu wa chuo: "Anatafutwa mtu wa kucheza vita ya mezani. Kila Jumamosi. Chai ipo." Simu zikaja. Mmoja alitaka kujua mshindi anapata nini. Mwingine alisema ana cheti cha kidato cha nne na afya njema, je, usaili wa jeshi ni lini? Mama mmoja aliuliza kama ni vita vya kiroho, maana alikuwa na kikundi cha maombi cha watu kumi na wawili na walikuwa wanatafuta mahali pa kukutania.

Aliyekuja kweli alikuwa Daudi, Mgogo wa Makutupora, mkulima wa zabibu, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alisema tangazo limemchekesha, ndiyo maana akaja. Walikaa ubaoni saa nne nzima. Daudi alikuwa mwepesi wa kushika. Alipopoteza kikosi alicheka, na alipopata alipiga paja. Lakini Abdulnasiri hakumwacha avute pumzi. Akisogeza hivi, anamsahihisha. Akishambulia kule, anamwambia, "Athuman asingepita hapo." Alilisema hilo mara tatu, pengine nne.

Daudi alipoaga alisimama mlangoni akivaa viatu. "Kaka," alisema bila hasira, "mimi naona hutafuti mtu wa kucheza. Unamtafuta Athuman."

Hakurudi. Jumamosi iliyofuata Abdulnasiri alimsimulia rafiki yake kwa simu, karibu kwa furaha: Dodoma hakuna watu, amejaribu, imeshindikana. 

"Una haraka," Athuman alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Mpigie tena."

"Nimpigie wa nini? Wewe si upo?"

"Mpigie tu, bwana."

Hakumpigia. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri aliweka simu kwenye spika kando ya ubao wake, na Tabora Athuman akaweka yake. Mmoja akisema, "Kikosi cha pili, inchi nne, kuelekea kilimani," wote wawili wanasogeza. Dadu kila mtu alirusha kwake na kuitaja kwa mdomo. Hapakuwa na shahidi, wala hakuna aliyewahi kumtaka mwenzake shahidi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata simu ilipokelewa na Nasra, mke wa Athuman.

"Shemeji, mwenzio koo limemkaba. Atakuwa ananionyesha mimi, nami nakwambia wewe."

"Ameze asali na tangawizi," Abdulnasiri alisema, akafungua daftari.

Ikawa hivyo wiki moja, ya pili, ya tano. Aliuliza hali, akajibiwa, "Tunamshukuru Mungu," akaridhika. Kilichomshangaza kilikuwa mchezo. Athuman alikuwa mtu wa kungoja, wa kujificha nyuma ya vilima hadi adui achoke. Sasa wa kijani walikuwa wanakuja mbele kama waliofukuzwa na nyuki, bila kuangalia kushoto wala kulia. Abdulnasiri alifurahi. Aliamini rafiki yake amepata ujana mpya, na alipokuwa stoo alijikuta akiwaza namna ya kumzuia.

Akaweka kikosi chake bora darajani, kikashika pale Jumamosi tano. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, wa kijani walishambulia wakiwa wachache mno, na kwa sheria zao hawakuwa na njia ya kushinda isipokuwa dadu ianguke sita. Akasikia inagonga mbao. Akangoja.

"Sita," alisema Nasra.

"Imegusa ukingo?"

"Haijagusa kitu, shemeji. Ni sita."

Abdulnasiri alikiondoa kikosi chake askari mmoja mmoja. Mbali, kwenye simu, alisikia kitu kama kikohozi. Alisema, "Haya, msalimie," akakata kabla hajajibiwa.

Ni mambo ya kipuuzi, na yeye mwenyewe alijua ni ya kipuuzi, lakini alinuna. Mtu mzima alinuna kwa ajili ya vipande vya mninga. Jumamosi iliyofuata hakupiga simu. Alikwenda kijiweni kutazama drafti ya watu. Simu yake ililia mara mbili, akaona jina la Athuman, akaiacha ilie. Alisema moyoni: wiki ijayo, ajue na yeye inavyouma.

Jumanne saa nne asubuhi, akiwa stoo anampa fundi koki, alipigiwa na kaka yake Nasra. Athuman amefariki alfajiri. Atazikwa leo leo.

Basi lilimfikisha Tabora siku ya pili. Kaburi lilikuwa bado bichi. Alisoma dua pamoja na wengine, akala alichopewa, akalala uani kwa wafiwa. Siku ya nne Nasra, aliyekuwa ndani kwa ajili ya eda, alituma aitwe. Abdulnasiri alikaa kwenye mkeka wa barazani, na Nasra akakaa upande wa ndani wa pazia, dada yake akiwa naye.

"Shemeji," Nasra alisema, "kuna jambo siwezi kukaa nalo. Ilikuwa saratani ya koo. Tulijua tangu mwezi wa sita, kabla hujahama. Alinikataza kukwambia. Alisema ukijua hutakwenda, na usipokwenda kazi itapotea."

Abdulnasiri aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Sauti ilipokatika alikuwa ananiandikia kwenye karatasi. Baadaye hata mkono ukachoka. Akawa amelala pale karibu na ubao, amefumba macho, anasikiliza. Basi nikawa nacheza mimi. Nilikuwa nasogeza tu kwenda mbele, maana sikujua kingine."

"Ulicheza vizuri," alisema Abdulnasiri.

"Na ile sita ya darajani haikuwa sita. Ilikuwa mbili. Nilitaka asikie ameshinda. Alicheka, shemeji. Alicheka bila sauti mpaka akaanza kukohoa, nikaogopa nitamuua mimi." Kisha akaongeza, "Jumamosi iliyofuata alinionyesha simu kwa jicho. Tukakupigia. Mtandao ulikuwa mbaya?"

Angeweza kuitikia. Neno lenyewe lilikuwa limeshawekwa mdomoni mwake, na Dodoma ni mbali, nani angejua.

"Hapana," alisema. "Niliiona simu. Nilikuwa nimenuna."

 Nyuma ya pazia akasikia Nasra analia, polepole, na dada yake akimwambia maneno ambayo hayakukusudiwa masikio ya mgeni. Abdulnasiri alibaki amekaa, mikono magotini, mpaka kilio kilipopungua.

"Sikulaumu," Nasra alisema. "Lakini alingoja mpaka magharibi."

Kabla ya kuondoka, akiwa hajui aombe nini, Abdulnasiri aliuliza kama siku moja, eda ikiisha, shemeji yake angependa kuimalizia vita ile.

"Mimi mchezo wenyewe siupendi," Nasra alijibu. "Miaka yote hiyo nilikuwa nauona unaninyima mume Jumamosi. Nilimchezea yeye. Wachukue askari, ubao uache, una misumari mizuri na mbao nzuri, nitaupatia matumizi."

Abdulnasiri aliwakusanya kwenye boksi la viatu, wekundu na wa kijani pamoja, akapanda basi.

Miezi minne hakuingia chumba kile cha ubao ila kufagia. Mwezi wa nane, zabibu za msimu wa pili zikiwa zinavunwa, alikwenda Makutupora siku ya mapumziko, akauliza shamba la Daudi, akaonyeshwa. Daudi alikuwa kati ya mistari ya mizabibu na mkasi wa kuvunia. Hakuonyesha kushangaa.

"Athuman amefariki," Abdulnasiri alisema, hata salamu hazijaisha.

"Pole sana, kaka." Daudi alisimama naye kidogo, kisha akampa mkasi wa pili. "Tumalizie mstari huu kwanza, jua lisitukute."

Sasa Daudi huja Jumamosi, si zote, anapopata nafasi. Hucheza kwa fujo, husahau sheria, na nyingine huzitunga hapo hapo, Abdulnasiri humwacha. Kuna siku hupita vizuri kabisa. Nyingine, katikati ya zamu yake, Abdulnasiri hukaa na rula mkononi bila kusogeza kitu, na Daudi, aliyeshazoea, humimina chai na kuongelea mvua.

Abdulnasiri humpigia Nasra simu kila Idi. Huulizana afya, watoto, bei ya sukari. Mara ya mwisho Nasra alisema atahamia Urambo kwa dada yake. Abdulnasiri alimwambia amsalimie dada, akaandika Urambo pembeni mwa daftari la sheria.