Jicho Lililogoma Adhuhuri

Mimi sikuumbwa kukaa. Hata shule ya jioni pale Kibiti, nilikosomea umeme baada ya kushinda shambani mchana kutwa, mwalimu aliniweka dawati la nyuma kabisa kwa sababu mguu wangu wa kulia ulikuwa unatikisa darasa zima. Ungeufunga kwenye cherehani, ungeshona sare za wilaya nzima na vitambaa vikaisha. Sasa fikiria hali yangu wiki ile mashine ya kubandika lebo ilipoanza vituko.

Kiwanda kilikuwa cha mafuta ya nazi, kando ya barabara iendayo Lindi. Mwenyewe ni mama mmoja mfanyabiashara, mpole wa sauti, mgumu wa maamuzi. Mashine aliichukua Dar kwa majaribio: ikimfaa inabaki, isipomfaa inarudi. Na mimi niliajiriwa kuihudumia hiyo hiyo. Ikirudi Dar, mimi narudi kwenye mihogo.

Siri ya mashine ile ni jicho lake. Wataalamu wanaliita sensa ya mwanga. Ni kidude cheusi kisichozidi kiberiti, kimefungwa pembeni mwa mkanda unaosogeza chupa, na kinarusha mwanga mwekundu. Ng'ambo ya mkanda kuna kiakisi kama kile cha nyuma ya baiskeli, kinaurudisha mwanga kwa mwenyewe. Mwanga ukirudi, jicho linajua njia iko wazi. Chupa ikipita ikaukata, jicho linapeleka habari kwa umeme: imekuja! Hapo hapo lebo inabandikwa.

Yapo macho ya aina nyingine. Kuna la vipande viwili, kimoja kinarusha na mwenzake wa ng'ambo anadaka. Hilo lina nguvu, linafaa penye vumbi jingi. Kuna lisilo na mwenzake, linalosubiri mwanga ukigonge kitu kinachotafutwa na kurudi. Viwandani yanahesabu mifuko, yanasimamisha msumeno mkono wa mtu ukikaribia. Niliwaeleza kina mama wa kufunga katoni yote hayo, nikakoleza kidogo kwamba jicho linaona hata nia ya mtu. Wakawa wakipita pale wanajistiri na kanga.

Ilikuwa Juni, baridi ya kutafuna masikio. Chupa tulizijaza alasiri, zikalala, kesho yake zikapita kwenye mashine. Asubuhi kazi ilikwenda kama maji. Lakini siku tulizokuwa na chupa nyingi, kazi ikavuka saa sita, jicho lilikufa. Chupa zikapita uchi, bila lebo hata moja, zikaanguka mwisho wa mkanda kama abiria walioshushwa njiani.

"Mashine hii ina dini," akasema mama mmoja. "Ikisikia adhana, inaacha kazi."

"Afadhali yake," mwenzake akamjibu. "Wewe adhana inakukuta kwenye umbea na inakuacha huko huko."

Wakacheka. Mimi nilicheka meno tu. Nilifuta lenzi mpaka nikaogopa itatoboka. Nikafikiri labda jua la dirishani linalipofusha jicho, jambo ambalo hutokea, nikaomba kanga nne nikaziba madirisha. Tukafanya kazi gizani kama popo, na chupa bado zikapita uchi. Nikapitisha mkono: jicho likauona, lebo ikabandikwa kiganjani mwangu. Nikapitisha chupa: halioni. Nilimpigia fundi wa Dar aliyeifunga na kuijaribu. "Asubuhi ile niliiacha nzima," akasema, akakata simu. Nikaizunguka mashine hadi sakafu ikataka kufanya mfereji.

Mwenye kiwanda akaja akasimama mlangoni. "Injinia."

"Naam, mama."

"Gari la kuirudisha linakuja kesho mchana. Mimi sina ugomvi na wewe. Ila mashine ya nusu siku siiwezi."

Kesho yake nikaamka na jogoo, nyumbani kwa bibi yangu, Bungu. Nilitaka kupaka mafuta kichwani nikaage kazi nikiwa mtu. Nikaipindua chupa ya mafuta yetu ya kiwandani, nikaipiga matako, hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama chokaa.

"Mume wangu, utaivunja hiyo," bibi akanikemea kwa utani wake. "Iweke juani kama watu. Na ukae kitako, unanitimulia vumbi."

Nikaiweka ukingoni mwa kisima. Kukaa sikukaa, nilizunguka nyumba, nikafagia palipofagiliwa, nikahamisha mbuzi asiyetaka kuhama. Niliporudi jua limekolea. Nikaiinamia chupa. Ng'ambo yake kuku wa bibi alikuwa anapita, nami nikamwona mzima mzima, manyoya na kishungi, kupitia kwenye mafuta.

Nilipiga ukelele, kuku akapaa. Jicho halikuwa bovu! Asubuhi mafuta meupe yanaukata mwanga. Mchana yameyeyuka, chupa zetu ni bapa na angavu, mwanga unapenya na kurudi kana kwamba hakuna kitu. Fundi wa Dar aliijaribu asubuhi kwa chupa zilizoganda, na sisi tuliokulia kwenye mafuta haya, tunaoyaanika kila kipupwe, hatukukumbuka hata mmoja.

Mafuta nilipaka juu ya bodaboda huku tunakimbia, nusu ya kichwa tu.

Kiwandani nililegeza skrubu, nikalipandisha jicho na kiakisi chake kutoka tumboni mwa chupa mpaka shingoni, kwenye kifuniko cheusi. Kifuniko hakiyeyuki kwa jua la Mungu. Adhana ikapigwa, watu wakaswali, wakarudi. Nje, gari likasimama, dereva akashusha kamba za kufungia mashine. Nikawasha mkanda. Chupa zilizoyeyuka zikaja. Ya kwanza, lebo. Ya pili, lebo. Kina mama wakaacha katoni wakasogea.

Mwenye kiwanda akaokota chupa moja, akapitisha kidole juu ya lebo. Kisha akamgeukia dereva. "Hukuja bure, baba. Pakia mafuta. Hii haiendi mahali."

Akanisogezea kigoda. "Kaa sasa, Injinia. Umebaki."

Nikakaa. Taa ndogo ya jicho iliwaka na kuzima kila kifuniko kikipita, na nilipotazama chini, mguu wangu wa kulia ulikuwa unakwenda nayo sawia.