Minyaa ya Jirani

Enzi zile za ruksa, kila aliyenunua kiwanja Igoma alikizungushia ukuta, na sisi wa miguu tukasukumiwa barabarani, kwenye hatari ya malori. Jirani yangu alipanda ua wa minyaa. Namwona bado katika ukungu wa ziwa wa asubuhi, vidole vikinata kwa utomvu mweupe, akichomeka matawi polepole kama anayesuka nywele. Alipoifikia njia yetu ya sokoni, bibi mwenye beseni la dagaa alikuwa akipita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kesho nipite wapi?”

Jirani aling’oa tawi la mwisho. Akaanza kupanda upya, minyaa ikaifuata njia pande zote mbili, ikakigawa kiwanja chake katikati. Mpaka leo, akitoka nyumbani kwake kwenda jikoni kwake ng’ambo ya njia, husimama ukingoni na kutuita sisi wapita njia: “Hodi jamani, nivuke?”